Darubini Yataka Kukaa, Si Kusimama

Nimestaafu. Msicheke. Najua mwanitazama mkisema huyu dada hana hata unywele mmoja mweupe, astaafu nini? Aliyestaafu hasa ni bega langu la kulia. Mie nimelifuata tu, kwa sababu siwezi kwenda kazini nikaliacha nyumbani.

Miaka yote ile nimetembeza darubini kisiwani humu nikiwaonyesha watu mwezi na nyota: mashuleni, maharusini, Feri, Majengo, mpaka kwetu hapa Mji wa Kale. Sasa nauza viazi karai mlangoni, na nawaambia kweli, kiazi ni kazi ya raha. Hakina kioo. Kikianguka, unakiokota ukakila mwenyewe kimyakimya.

Lakini nyie vijana hamniachi. Mwaja kila jioni, mwanunua kiazi kimoja, mwazungusha hicho kibao changu cha bakuli za ukwaju na pilipili mpaka kizunguzungu chanishika mie, halafu suali ni lile lile. "Da Tima, darubini nzuri ni ipi? Kioo kiwe kikubwa kiasi gani?"

Kioo, kioo, kioo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: na itakaa juu ya nini? Ni kama mtu anunue feni ya dari kabla hajaezeka nyumba.

Basi leo nakaanga huku nasema. Stendi ndiyo iliyotaka kunifukuza kazini, na mtaa mzima ukaniita mwongo. Stendi pia ndiyo iliyonirudishia jina langu. Kioo hakikusema neno, si siku ile wala siku ya pili yake.

Aliyenitia kazi hii ni Fundi Kilonzo, mtu wa bara, fundi wa kreni bandarini, akikaa fleti za Ganjoni. Nilikuwa nikimpelekea viazi. Jioni moja nikamkuta uani amepiga magoti nyuma ya bomba.

Nikamwambia, "Fundi, limeziba?"

"Njoo uangalie," akasema. Yule bwana maneno yake yote ya wiki yaweza kuingia kwenye kikombe cha kahawa.

Nikaangalia. Nikaona mwezi una mashimo kama chapati iliyopikwa na bwana harusi. Viazi vikapoa, tukavila hivyo hivyo. Tangu siku hiyo tukawa kitu kimoja: yeye ana darubini hana mdomo, mie nina mdomo sina darubini.

Stendi yake ya kwanza ilikuwa ya chuma. Ina mkono waenda huku na vyuma vya kusawazisha vyaenda kule, kama mizani ya muuza vyuma chakavu. Darubini yenyewe nilikuwa naipakata kama mtoto mchanga. Stendi nilikuwa naitia begani, na hapo ndipo bega hili lilipoanza kufikiria kustaafu. Nikifika Majengo kutoka Ganjoni, nimekuwa mfupi.

Na ile stendi ina kiburi. Kitabu chake chasema kabla ya kuitumia, ielekeze kwenye nyota ya kaskazini. Haya, itafuteni hiyo nyota hapa Mombasa. Haipo! Kwetu sisi imezama chini kabisa, haiinuki hata ukipanda juu ya tangi la maji. Mie nilikuwa nikiwaambia wateja imejificha nyuma ya Malindi. Kwa hivyo nasaha yangu ya kwanza: kwa darubini ndogo ya kutembeza, msinunue stendi inayotaka nyota ambayo hamna. Tafuteni ile ya kawaida, yapanda na kushuka, yaenda kulia na kushoto. Shingo yako ina nini zaidi ya hayo, na hujawahi kushindwa kumtazama jirani.

Tukaenda kwenye kosa la pili, kinyume chake. Tukapata stendi nyepesi ya kamera, miguu mitatu myembamba, yakunjika yaingia kwenye mkoba wa sokoni. Nikaona nimeokoka. Loo! Ilikuwa nyepesi hadi haya ilikuwa haina. Mtu akipiga chafya, mwezi watetemeka. Feri malori yakipita, mwezi wacheza ngoma. Jamaa mmoja kwenye foleni akaniambia, "Dada, mpeleke mwezi wako kwa mganga, una mashetani."

Fundi akanipa mbinu: tundika mzigo katikati ya miguu, stendi ipate uzito bila ya kuubeba uzito. Mbinu ni nzuri, shikeni hiyo. Ukifika pahala jaza dumu maji, litundike, liguse chini kidogo lisibembee. Kosa langu ni kuwa sikutundika dumu. Nilitundika kikapu cha viazi vibichi na maganda yake, Majengo, karibu na mbuzi.

Mama mmoja ameinama atazama, mara akapiga kelele. "Wee! Mwezi waruka!"

"Ni kawaida, mama," nikamwambia, bado sijamuona mbuzi. "Leo una furaha."

"Sasa wakimbia!"

Darubini niliidaka, kikapu sikukipata. Yule mbuzi mpaka leo akiniona anitazama kama mteja.

Ndipo Fundi akanifunza namna ya kuijua stendi kabla ya kuinunua, na hii muiandike ukutani. Itie darubini yako juu ya stendi, tazama kitu cha mbali, hata pembe ya paa. Gonga bomba kwa kidole, kidogo tu. Halafu sema jina lako, la baba yako, la babu yako, kwa mwendo wa kawaida. Kama picha imetulia ulipotaja la baba, nunua. Kama umefika kwa babu bado yatetemeka, mrudishie mwenye duka. Ile yetu ya kamera nilimaliza babu zangu wote, nikaingia kwa mashangazi.

Na hiyo ndiyo niliyokuwa nayo siku Mzee Shee alipokuja kutazama.

Mzee Shee mwamjua nyote, yule wa baraza ya hapo pembeni. Wakati ule pia alikuwa vile vile: kofia safi, sauti ya kuitia meli, na dhumna mkononi. Baraza ile kila mzee ana pahala pake, na pahala pake yeye ni pale mwisho, hata akisafiri hapakaliwi. Akisema jambo pale baada ya Magharibi, likifika Isha limeshazunguka mtaa likarudi na nyongeza.

Jioni hiyo nilikuwa nimesimamisha darubini katikati ya njia. Miguu mitatu imetanuka, watu wavuka kama wavuka mtaro, buibui langu mwenyewe limenasa mara mbili. Mbingu yetu mwaijua, ni utepe tu baina ya nyumba na nyumba. Lakini Zohali alikuwa amepita pale juu kabisa, ndani ya utepe. Mzee Shee akaja, akainama, akashika bomba kama ashika mlingoti.

Zohali na pete yake akaanza kurukaruka. Huku, kule, juu, chini.

Mzee Shee akainuka polepole. "Tima binti ya watu wazuri," akasema, na mie nikajua mambo yameharibika. "Hii ni picha."

"Babu, si picha. Ni Zohali mwenyewe."

"Ni picha, imetundikwa ndani kwa uzi. Nimeiona yabembea. Kitu cha Mungu hakibembei hivyo!"

Akarudi barazani akaketi pahala pake, akatangaza. Nakwambieni, sikulala na kazi. Siku ya pili harusi iliyonialika ikanambia wamepata watu wa kupaka hina na nafasi imejaa. Nafasi ya nini, nami nakaa juu darini? Madrasa iliyotaka niwaonyeshe watoto ikanyamaza. Wamama niliowaonyesha mwezi mwaka mzima wakaanza kuniuliza, "Tima, na ule mwezi nao uliununua wapi?" Wewe tembeza darubini katika mtaa ulioamini ndani mna uzi. Afadhali uuze barafu Feri ikiwa imeshayeyuka.

Kwa hivyo nikaenda barazani kugombana. Sikwenda kuomba msamaha, nilikwenda kugombana, na kugombana kwataka mikono miwili. Nikaliweka bomba juu ya baraza, kando ya kikombe chake cha kahawa, nikaanza.

"Babu Shee, masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu. Umeuleta uzi wako?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia yangu, akaniambia yake, na kila akimaliza neno apiga dhumna juu ya jiwe, pa! Pa! Ile pa ya tatu macho yangu yakaangukia kwenye kikombe. Kahawa ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Haikutikisika. Dhumna yapigwa pale pale kando yake, na kahawa imetulia kama yasikiliza hutuba.

Nikainama kukitazama kikombe. Wazee wakadhani wameshinda. Nikachukua bomba langu nikaondoka mbio mpaka Ganjoni.

"Fundi," nikamwambia, "tuna stendi nzito kuliko kreni yako na hatuibebi. Ni baraza, iko mlangoni mwa kila nyumba. Darubini haitaki kusimama. Yataka kukaa!"

Fundi akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia. "Basi tuitengenezee makalio."

Na tuliitengenezea. Sikizeni vizuri, hapa ndipo pa maana. Vibao viwili vya mviringo, kimoja juu ya kingine, na bolti moja katikati. Baina yao vipande vitatu vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, ili kibao kizunguke taratibu, kisikwame wala kisiteleze ovyo. Juu yake mkono mmoja wa mbao ngumu, mfupi, unaoshika bomba ubavuni. Mkono ukiwa mrefu watetemeka, ukiwa mfupi hauna nafasi ya kutetemeka. Chini miguu mitatu ya raba iliyokatwa kwenye kandambili. Mitatu, si minne! Barazani hakuna jiwe lililonyooka. Minne itakuyumbia kama meza ya hoteli, mitatu hukaa popote. Kitu chote kilikuwa na uzito wa kuku mmoja wa kienyeji, tena si mnono. Nilikigonga kikiwa juu ya jiwe la mlango wetu. Sikuwahi kulimaliza jina langu.

Sasa pahala. Nikazunguka mtaa nikitazama juu. Baraza zote zimefunikwa na roshani, mbingu haionekani. Baraza ya wazee nayo yote iko chini ya roshani isipokuwa ncha moja tu, mwisho kabisa. Mwashajua ni ncha ya nani.

"Babu," nikamwambia jioni iliyofuata, "naomba pahala pako."

Dhumna zikasimama hewani.

"Barazani hawakai wanawake," akasema mzee mmoja.

"Mie sikai. Akaa yeye." Nikaonyesha bomba.

"Na yeye ni mume au mke?" akauliza Mzee Shee.

"Ni bomba, Babu."

"Na wataka kumleta Zohali hapa? Wenye elimu ya nyota husema Zohali ana nuksi."

"Lakini Babu si ulisema ni picha? Picha yaweza kuwa na nuksi?"

Wenzake wakaguna. Mzee Shee akaona amebanwa, na mtu kama yeye akibanwa huwa hakimbii, hupandisha bei. Akainuka. Akakunja msuli aliojifunga kiunoni, akasogea. Baraza nzima ikasogea naye, kila mmoja pahala pa mwenziwe, wamekaa kama watu waliovaa viatu vya wengine.

"Haya weka," akasema. "Nami nakwambia mbele ya hawa wote: nikiona ni picha, bomba hili latoka mtaani na weye usilitaje tena. Na isipokuwa picha..."

"Isipokuwa picha?"

"Nitasema hapa hapa niliposema kwanza."

Nikaweka. Kwanza akalikagua bomba, akamulika tochi ndani, akatia uso. "Naona pua," akasema.

"Hicho ni kioo, Babu. Pua ni yako."

Alipotosheka hakuna uzi, nikamweka Zohali katikati, pete na yote, nikampisha. Aliinama ameketi vizuri, magoti yamepumzika, huku akitafuta dhumna kwa mkono mwengine. Akalipiga jiwe, pa! Jicho liko pale pale. Pa!

"Hasogei," akasema.

"Hasogei," nikasema mie, kifua mbele.

Mzee Shee akainua kichwa akawageukia wenzake. "Mmeona? Siku ile ilikuwa na uzi. Leo wameitia gundi!"

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Fundi Kilonzo aliyekuwa amesimama kando alifumba macho. Mie nikahisi viazi vyaniita. Kumbe tumehangaika na vibao na kandambili ili tuithibitishe picha yake! Na ilikuwa imetulia kweli, imetulia mno, kama stika ya dirishani.

Fundi akasema neno moja. "Mikono."

Nikaelewa. "Babu," nikamwambia, "tazama tena. Lakini usipige dhumna, usiguse bomba. Mikono mapajani. Nami huyu hapa nyuma, mikono juu, wote wanione. Tazama tu."

"Nitazame nini? Picha?"

"Itazame hiyo picha."

Akatazama. Hata muuza kahawa ameacha kugonga vikombe. Kitambo kidogo Mzee Shee akasema, "Mh."

"Nini, Babu?"

"Yuko kando. Alikuwa katikati."

"Nani amegusa?" wakauliza wenzake.

"Hakuna aliyegusa! Nyamazeni!" Sauti imebadilika. "Aenda. Wallahi aenda. Polepole, kama mtu atoka msikitini hataki kuonekana. Tima, mshike!"

"Simgusi, Babu."

"Atoka! Pete ishatoka... nusu... Ametoka!" Akainuka na jicho moja bado limefumba. "Yuko wapi?"

"Yuko pale pale. Picha, Babu, yatoka yenyewe?"

Alitazama juu kwenye utepe wa mbingu, akatazama bomba, akatazama mikono yangu. Kisha kwa sauti ndogo, ile ambayo sikujua anayo, akaniuliza, "Akimbilia wapi?"

"Si yeye anayekwenda, Babu. Ni sisi. Dunia yazunguka, na baraza imo."

Mzee Shee, mtu wa sauti ya kuitia meli, alishika ukingo wa baraza kwa mikono miwili. Na wallahi wenzake wote wakashika.

Halafu akasema, hapo hapo aliposema kwanza, kwa sauti yake yote, madirisha yakafunguka: si picha, hakuna uzi, hakuna gundi, na yeyote atakayesema kuna uzi aje aseme mbele yake. Nyongeza nazo zikaja. Kufikia Isha mtaa wajua kuwa yeye Shee ndiye aliyemgundua Zohali. Watu wakapanga mstari mpaka kona, na mwenye kuwasimamia ni nani? "Mikono mapajani!" awapigia kelele. "Usiguse! Mwache atoke mwenyewe!"

Harusi ikapata nafasi. Madrasa ikanena. Fundi Kilonzo aliporudi kwao bara aliniachia bomba, na neno moja: "Usisimamishe." Tangu hapo sikuibeba tena stendi ya chuma wala ya kamera. Nikienda popote nauliza kwanza: hapa pana baraza? Pana ukuta mfupi? Ngazi ya mawe? Meza ya mbao kataeni, wataegemea. Dari ya mbao kataeni, kuna mtu huko chini atacheza. Nyie chukueni kinachokaa, na uzito waachieni waliojenga mji huu.

Bega lilikuwa limeshaharibika kwa ile ya mwanzo, basi. Sasa likiona hata kamba ya mkoba lalia.

Lakini nendeni mkaangalie barazani sasa hivi, wazee ndio wanakaa. Mtaona pale mwisho pana pengo. Mzee Shee hakurudi pahala pake. Amekaa hatua ya pili, na kahawa wapitisha juu ya lile pengo, na mgeni akitaka kuketi aambiwa kuna mtu. Kila jioni akija kuchukua viazi aniuliza, "Tima, yule mpangaji wangu yuaja lini?" Nami namjibu bado natafuta bega.

Haya. Bomba liko kabatini, limefungwa na leso. Na makalio yake, mnayazungusha nyie wenyewe kila siku mkitafuta pilipili, na huo mkono wake ndio mnaotundikia mifuko yenu. Toeni hizo bakuli. Polepole, ukwaju usimwagike. Zohali yuko juu, na Mzee Shee ashakunja msuli.